Jicho Lisilo na Pasi

Leo nimeaibika, tena kambini, mbele ya watu wenye bunduki.

Nawaambia mwenyewe kabla mke wa sajini hajafika hapa na habari zake. Yeye atasema nililia. Sikulia! (Macho yalitoa maji kwa sababu ya tochi. Ya tochi mtayasikia mbele.) Kaeni hapo barazani. Biira, funga mlango wa studio, leo sipigi mtu picha.

Mnajua kilichotokea kambini. Redio ya Afande Drani, mkuu wa kambi, iliibiwa ofisini kwake mchana kweupe. Mlinzi wa geti akaapa kwamba hakuna mgeni aliyeingia siku hiyo ila akina mama wa Butembo wenye pasi, wale wanaowauzia wake wa askari mikate, nyanya na vitenge. Pasi zina picha, na picha nimezipiga mimi. Lakini niambieni, picha ya uso yenye ukubwa wa stempu, mtu mwenyewe amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, mlinzi ataona nini? Mama Kavira na dada yake Katungu wamekuwa wakiingia kwa pasi moja tangu mvua zianze. Leo huyu, kesho yule. Mlinzi anamwangalia mama, anaangalia picha, anaona pua, anasema pita.

Basi Afande akatangaza kwamba geti litafungwa. Hakuna mfanyabiashara kuingia tena, awe wa Kongo au wa hapa Bwera.

Nyinyi mlisikitika mkaenda kulala. Mimi nilihesabu wateja wangu kichwani, nikaona nusu yao ni wale akina mama. Na Kavira ni rafiki yangu. Mume wangu alipofariki, ni yeye aliyevuka mpaka na sufuria kichwani akanipikia mpaka nilipoweza kusimama. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hafanyi siku hizi: nikaenda kambini bila kuitwa.

"Afande," nikamwambia, "nyuso zinafanana. Macho hayafanani."

Mnamjua Afande Drani. Mrefu, miwani myeusi, haivui hata ndani ya nyumba. Akaniangalia (nadhani aliniangalia, kwa miwani ile huwezi kujua).

"Wewe ni mchawi?"

"Mimi ni mpiga picha, Afande."

"Eleza. Haraka."

Nikaeleza. Daktari wa macho wa misheni ndiye aliyetufundisha, mume wangu na mimi, tulipokuwa tukimpigia picha macho ya wagonjwa wake. Lile duara la rangi linalozunguka mboni si rangi tupu. Ni nyuzi. Nyuzi nyingi zimesukwa, zinakutana, zinaachana, katikati zina vijishimo na vidoa, na karibu na mboni kuna ukingo uliopindapinda kama mshono wa fundi mlevi. Mtu anazaliwa nazo na kwa kawaida anakufa nazo vilevile. Uso utazeeka, utanenepa, utakatwa na panga. Nyuzi zile zitabaki. Mapacha wanaofanana kila kitu hawafanani hapo. Hata jicho lako la kulia na la kushoto ni watu wawili tofauti.

"Macho ya watu wetu ni nyeusi tu," akasema Afande. "Mimi sioni kamba."

"Ni kwa sababu unayatazama kwa mwanga wa kawaida, Afande. Weka kioo chekundu mbele ya lenzi. Leta taa kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Nyuzi zinajitokeza zenyewe."

Nikaendelea (hapa ndipo ningefunga mdomo nikaenda nyumbani).

"Kila mwenye pasi nitampiga picha ya jicho. Akifika getini, mlinzi anamtazama jicho kwa tochi na kioo cha kukuzia, analinganisha na picha. Lake, apite. Si lake, mfungeni!"

Mnaona? Neno "mfungeni" lilitoka kwangu. Sikulazimishwa.

"Sawa," akasema. "Leta hizo picha. Tutakujaribu. Na kama unacheza na mimi..." Hakumaliza. Hawamalizi. Wanakuachia umalizie mwenyewe usiku ukiwa kitandani.

Nikapiga picha. Akina mama wote wa pasi walipita studio, kisha askari wa getini, kisha wapishi, maana Afande alitaka na watu wa ndani wawemo. Kidevu juu ya matofali, paji la uso kwenye ubao, usipepese! Mama Kavira alipepesa mpaka filamu ikakaribia kuisha, na mnajua filamu inatoka Kasese. "Bibi Kabugho," akaniambia, "ile taa yako iko inanichoma mupaka kwa ubongo." Lakini picha zilitoka. Jamani, zilitoka! Kila jicho kubwa kama sahani ya kikombe. Nilizisafisha mwenyewe, nikazitundika zikauke, nikakaa katikati yake kama mama mwenye nyumba. Nikazikariri. Kavira ana kidoa upande wa chini, kama punje ya harage. Katungu hana kidoa, ila nyuzi zake za juu zimekatika kama kikapu kilichoanza kufumuka. Niliweza kuwatofautisha usingizini.

Sasa, leo asubuhi.

Nimevaa gauni langu la bluu, lile la kanisani. (Ndiyo, nililivaa kwa makusudi. Ningejua ningevaa gunia.) Koplo Ecweru, yule mcheshi wa kabila la Wateso, amekuja kunichukua getini, maana mimi mwenyewe pasi sina, huwa naingia na mtu. Akanipeleka kantini. Nikakuta kambi nzima imo humo. Askari kwenye mabenchi, wake zao dirishani, watoto juu ya madebe, wapishi wameacha moto. Na mlangoni kwa stoo wametundika blanketi la jeshi, katikati lina tundu dogo. Dogo la jicho moja tu.

Afande amekaa pembeni kwenye kiti chake. Miwani.

"Hii ni geti," akasema akionyesha blanketi. "Mutu anakuja nyuma, anaweka jicho. Wewe unasema ni nani. Uso huoni, nguo huoni, sauti husikii. Nimeamuru hakuna kuongea. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Afande."

"Kama unakosa, geti inafungwa leo saa sita. Na wewe tutaongea."

Kule nje ya uzio akina mama wa Butembo, ila wachache walioitwa ndani, walikuwa wamesimama na vikapu vyao, wanangoja. Nilisikia mmoja anasali rozari. Nikapanga picha zangu mezani. Nikachukua tochi mkono wa kushoto, kioo cha kukuzia mkono wa kulia.

Jicho la kwanza likaja. Nikaleta mwanga kutoka ubavuni, kama alivyotufundisha daktari. Vijishimo viwili karibu na mboni, ukingo mnene. Nikaokota picha.

"Mpishi Wani!"

Blanketi likainuliwa. Mpishi Wani, anatabasamu na mwiko mkononi. Watu wakapiga makofi.

La pili likaja. Punje ya harage chini. Sikuhitaji hata picha.

"Mama Kavira!"

Ni yeye. Akapiga vigelegele mwenyewe. Jicho la tatu, nyuzi zilizofumuka juu. "Katungu! Na safari hii ameingia yeye, si dada yake!" Kantini yote ikacheka, mlinzi wa geti akainamisha kichwa, hata Afande alisogeza mguu. Nikapata la nne. Nikapata la tano, askari mgeni aliyehamia juzi kutoka Arua, nilimpiga picha jana tu. Wakaanza kuniita "Daktari! Daktari!"

Hapo nikaharibikiwa. Si macho, kichwa. Kilivimba. Nikaanza kutembea mbele ya blanketi kama mhubiri. Nikawaeleza askari mambo ambayo hawakuniuliza. Nikamwambia mke wa sajini kwamba kwa jicho tu naweza kumjua mtu mwongo. (Hilo daktari hakulisema. Hakuna daktari aliyewahi kulisema. Nilijitungia.)

Nikaona Afande anamnong'oneza Koplo Ecweru. Koplo akatoka, akazunguka nyuma ya stoo. Nikadhani wanamleta mtu mgumu. Vizuri, nikasema moyoni, leteni.

"Mutu wa mwisho," akasema Afande.

Nikasogea kwenye tundu. Nikainama. Jicho hilo hapo.

Nikamulika. Mwanga ukanirudi mimi usoni, machozi yakanitoka.

"Afande, huyu amevaa miwani!"

"Hana miwani."

Nikapunguza mwanga, nikautuma kwa pembeni kabisa. Haya. Jicho la rangi ya kahawa. Lina mshipa mwekundu pembeni, limekosa usingizi. Nikasogea kushoto kidogo nilione vizuri, nalo likasogea kushoto.

Linanikwepa!

Nikasogea kulia. Likasogea kulia. Nikarudi haraka, likarudi haraka. Jamani, katika maisha yangu ya kupiga picha sijaona mtu msumbufu kama huyu.

"Tulia!" nikasema. "Tazama juu!"

Halikutazama juu. Lilinikodolea mimi.

"Afande, huyu ni mkaidi. Namwambia atazame juu, ananitazama mimi."

Watu walikuwa kimya. Nikadhani ni heshima. Mpishi Wani ameziba mdomo kwa mwiko, nikadhani anaumwa jino.

Nikarudi kwenye meza. Nikapitia picha moja moja. Hili lina pengo lililochongoka kama ncha ya mshale, upande wa pua. Hakuna picha yenye pengo hilo. Nikarudi kutazama. Pengo lipo. Nikarudi kwenye picha. Halipo. Jasho likaanza kunitoka mgongoni, ndani ya gauni la bluu. Ningeweza kuokota picha yoyote inayokaribia. Kuna ya mlinzi mmoja, ukifinya macho kidogo, unaweza kusema ni hiyo. Na geti lilikuwa linaningoja, na wale akina mama, na rozari.

Lakini halikuwa lake. Nilijua halikuwa lake. Nikaweka picha chini.

"Hayumo, Afande."

"Hayumo?"

"Hayumo. Huyu mtu hana pasi. Sijawahi kuliona jicho hili."

"Una uhakika?"

Jamani, pale ningenyamaza tu. Neno "hayumo" lilitosha. Lakini kichwa kilikuwa bado kimevimba, na mke wa sajini alikuwa ananitazama. Nikarudi kwenye tundu mara ya mwisho, nikalikazia macho. Nalo likanikazia.

"Uhakika kabisa! Na mtazameni anavyotazama. Hili ni jicho la mtu mwenye makosa. Jicho la mwizi, Afande! Huyu ndiye mwenye redio!" Nikanyoosha kidole. "Mkamateni!"

Koplo Ecweru akavuta blanketi.

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na kioo cha kunyolea, kimefungwa kwa kamba kwenye mlango wa stoo. Na ndani ya kioo palikuwa na mama mwenye gauni la bluu, mdomo wazi, tochi mkononi, ameninyooshea kidole.

Sijui niseme nini. Kicheko kile mngekisikia kutoka hapa. Mtoto mmoja alianguka kutoka kwenye debe. Mpishi Wani alikaa sakafuni. Mke wa sajini alishika dirisha kwa mikono miwili akalia machozi (yeye ndiye aliyelia, mtu asiwadanganye). Mama Kavira peke yake hakucheka. Alikuja mbio akanishika mkono: "Musimucheke Bibi Kabugho, bandugu, iko kazi ngumu!" Kisha na yeye akashindwa kujizuia. Nilihisi anatetemeka mabega.

Afande hakucheka.

"Koplo."

"Afande!"

"Umesikia amri?"

"Ndiyo, Afande. Amesema mkamateni."

"Sasa?"

Mkanikamata! Samahani, si nyinyi, wakanikamata. Kweli kabisa. Koplo Ecweru akanishika kiwiko, kwa adabu lakini kwa nguvu, tukavuka uwanja wa gwaride kuelekea mahabusu, kambi nzima nyuma yetu kama arusi. Tulipita karibu na uzio. Wale akina mama wa vikapu wakaniona nimeshikwa, rozari ikakatika katikati. Hapo, sitawaficha, kicheko cha nyuma sikukisikia tena. Mnajua watu walioingia mahali pale kwa mzaha na mzaha ukaisha.

Ndani ya mahabusu kulikuwa na mbuzi. Amekamatwa kwa kula kabichi za mke wa sajini. Tukatazamana. Mboni yake imelala kama mstari, kama mlango wa sanduku la barua. (Mbuzi huwezi kumkosea kamwe. Laiti ningepewa mbuzi.) Nikakaa juu ya ndoo nikafikiria watoto wangu, nikafikiria kamera itabaki na nani. Kisha nikafikiria tena lile jicho la kwenye kioo, na hasira ikanipanda. Maana nilisema kweli! Nilisema hayumo, na kweli hakuwemo!

Koplo alipofungua mlango nikatoka mbele yake, sikungoja kushikwa.

Afande alikuwa ofisini peke yake. Hakuniambia nikae. Nikakaa.

"Kwa nini ulisema hayumo?" akauliza.

"Kwa sababu hayumo, Afande. Picha yangu sijawahi kupiga. Ningesema nani?"

"Mutu mwingine angeokota picha moja tu, anifurahishe. Mimi niliona mukono yako inaenda kwa picha. Ingeokota, geti imekwisha." Akawasha sigara. "Nilitaka jicho moja yenye haiko kwa picha. Hapa kambini sijui nani umepiga, nani hujapiga. Jicho moja tu nilijua haiko."

Nikatulia nikaelewa. Mtego ule haukuwa wa kunifanya nichekwe na watu. Ulikuwa mtego wa kweli, na nilikuwa nimeuruka. Kwa aibu, lakini nimeuruka.

"Kwa hiyo nimefaulu?"

"Umefaulu."

"Basi kwa nini nilifungwa?"

"Uliamuru mwenyewe."

Sasa nyinyi mnaonijua mtasema hapo nilishukuru nikaondoka. Sikuondoka. Labda ni yule mbuzi, labda ni gauni lililoharibika kwa kukaa kwenye ndoo. Nikasimama, nikatoa kamera kwenye mkoba, nikasema: "Afande, kuna jicho jingine halimo. Lako."

Nilisikia sigara inavyoungua.

"Askari wa getini, akija mtu amevaa miwani kama yako na koti kama lako, atafanya nini? Atapiga saluti. Redio nyingine itakwenda."

Sijui nilipata wapi mdomo ule. Nilikuwa tayari kurudi kwa mbuzi. Lakini Afande alizima sigara, taratibu, akavua miwani. Mara ya kwanza kumwona bila miwani. Ana macho ya mtu aliyechoka, jamani. Ya mtu wa kawaida tu.

"Piga."

"Kidevu hapa. Juu ya faili zako. Juu zaidi. Usipepese, Afande."

Akapepesa.

"Nimesema usipepese!"

Mkuu wa kambi, ambaye watu wakisikia gari lake wanashuka kwenye baiskeli, anaogopa tochi! Kila nikikaribia, kope zinagongana. Nilimwamuru fumbua, nilimwamuru tulia, nilimwamuru tazama ukutani, naye akafanya. Nikapata picha moja nzuri. Nilichoona ndani ya jicho lile sitawaambia. Bado napenda kuishi Bwera.

Nilipotoka, geti lilikuwa wazi. Katungu anapita na vikapu vyake, Kavira nyuma yake, wote wawili siku moja, na mlinzi amewainamia kwa tochi kama anatafuta sindano. Kila mmoja atapata pasi yake, yenye jicho lake. Mlinzi akaniona, akasimama wima. "Na wewe, mama," akaniambia, "pasi yako iko wapi?" Nikamwambia anitazame vizuri, kwani kambi nzima inanijua. Akasema amri ni amri, na kwa jicho lile hana karatasi. Ikabidi Koplo Ecweru arudi kunitoa nje.

Habari zilinitangulia barabarani. Fundi baiskeli alininyooshea kidole akasema "mkamateni." Muuza mandazi ameniuliza kile kioo cha pikipiki pale kimenikosea nini. Watoto wa shule wote wananikonyeza.

Chekeni. Nimewaruhusu, mmeshajaza midomo tangu niko kwenye blanketi. Lakini nitarudi kambini kesho na kamera yangu, na gauni hilihili nikilifua, na atakayeniita mwizi nitampiga picha yenye macho yaliyofumba, aweke kwenye pasi yake. Kazi niliyoahidi nimeifanya, na akina mama wanauza.

Na wewe Biira unayecheka mpaka umeshika nguzo, njoo hapa. Bila kwenda kwenye kioo: jicho lako la kushoto likoje?

Aha.

Basi nipitishieni chai.